Maswali yenu ya safari: Waulize wakifunga huwa wanakula nini

Haya, mwezi huu naona mmeamka na moja. Karibu barua zote zimetoka kwa watu wasiogusa nyama, maziwa wala mayai, mnaulizia mtakula nini mkivuka mpaka, sijui ni juu ya likizo ama ni hizi kazi za nje kila mtu anatafuta, lakini ziko nyingi na nimechagua chache. Mimi mwenyewe niliacha vitu vya mnyama miaka tisa sasa na hapa Nairobi sijawahi kulala njaa, ndengu iko, githeri iko, managu bila maziwa iko (najua, hata mamangu hajawahi kuniamini hapo), na mama wa kibanda chetu akiniona tu anaanza kupakua maharagwe chapo kabla sijakaa. Shida huanza nikishatia pasipoti kwa mkoba. Kwa hivyo haya majibu, mengine nimesoma, lakini mengi yalinipata.

*

*Dada habari. Mimi ni vegani mwaka wa pili na ofisi inanituma Addis Ababa wiki mbili mwezi ujao. Kila mtu ananitisha ati huko ni nyama tu, tena mbichi, ati watu wanakula kitfo kama sisi tunavyokula chapati. Nijaze sanduku chakula ama? – Mwenye wasiwasi, Umoja*

Wa Umoja, tulia kabisa. Kati ya wote walioandika wewe ndio umeangukia pazuri, Addis ni rahisi sana kwa watu kama sisi, ila kuna neno moja lazima ulijue na mimi sikulijua, likaniponza.

Nilifika Jumanne. Nikaingia kahoteli fulani mtaa wa Bole nikaitisha shiro, manake nilikuwa nimesoma ni unga wa dengu na viungo, nikaona hapo niko salama. Dada aliyenihudumia akaniuliza kitu, nikashika neno moja tu, "tsom?", nikadhani ni jina la soda, nikatikisa kichwa nikakataa. Basi shiro ikaja kwa kachungu ka udongo, bado inatokota, na juu kuna mafuta ya rangi ya dhahabu yanazunguka pembeni na harufu kama ya iliki. Nikachovya injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu, nikala, tamu ajabu, nikafika nusu ndio nikaanza kujiuliza mbona hii ladha ni ya samli. Na ilikuwa samli. Wanaiita niter kibbeh, siagi iliyochemshwa na viungo halafu ikachujwa, na siku za kawaida inaingia karibu kila sufuria, hata ya dengu. Sasa yule dada utamlaumu na nini? Aliniuliza kama nimefunga, mimi mwenyewe nikasema sijafunga.

Kesho yake Jumatano nikarudi pale pale kwa sababu mvua haikuniruhusu kwenda mbali. Safari hii kabla sijamaliza kusalimia nikaletewa sinia pana kama meza yenyewe, injera imetandazwa kama shuka na juu yake vilima vilima, dengu nyekundu kali ya berbere (viungo vyao vya pilipili), nyingine ya manjano isiyo na pilipili, kabeji na karoti, bitiruti, mishiri, na katikati gomen, na gomen walahi ni sukuma wiki yetu tu imebadilisha jina. Siagi hata tone hakuna. Sahani hiyo inaitwa yetsom beyaynetu, na "yetsom" ndio neno lako, maana yake ni ya mfungo.

Iko hivi. Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na wakifunga hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Halafu kuna mifungo mirefu, ule wa kabla ya Pasaka yao ni siku 55, kuna mwingine kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, kuna mwingine Agosti, ukijumlisha yote mtu wa kawaida anafunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka mji mzima unapika chakula chako na hakuna mtu anayekiita vegani. Sisi hapa tukisikia kufunga tunafikiria Ramadhani, kwamba chakula ni kile kile ila saa ndio zinabadilika, lakini kwao kinachobadilika zaidi ni kilichomo kwa sufuria.

Mambo mawili uangalie. Kwanza, siku 50 zinazofuata Pasaka yao hakuna mfungo wa Jumatano na Ijumaa, kwa hivyo ukifika wakati huo uitishe wewe mwenyewe, wengi watakupikia. Pili, hoteli nyingine huweka samaki kwa menyu ya mfungo, samaki ni "asa" na siagi ni "kibe", shika hayo mawili uwe unauliza. Na kabla hujaenda, pita mikahawa ya Kihabeshi ya huku Kilimani ama Hurlingham siku ya Jumatano ufanye mazoezi ya kula na mkono mmoja bila kurarua injera yote.

Acha nikae hapa kidogo manake hili jibu si lako peke yako. Kitu nimejifunza ni kwamba neno vegani ni jipya, lilibuniwa Uingereza 1944, na nchi nyingi ukilisema kwa mpishi wa miaka sitini atakuangalia tu. Lakini karibu kila mahali kuna watu ambao tangu zamani huacha nyama kwa sababu ya dini, na wana neno lao, na mpishi analijua tangu utotoni. Misri Wakristo wa Kikopti wana chakula kinaitwa siyami, utaona hata maduka ya keki yameandika. Thailand ni jay, tafuta kibendera cha manjano chenye herufi nyekundu. Romania ni "de post". Ugiriki ni nistisimo, ila Wagiriki wakifunga wanaruhusu pweza, kamba na asali, kwa hivyo hapo usimeze tu kwa imani. Badala ya kuuliza kama kuna chakula cha vegani, uliza watu wa huko wakifunga wanakula nini, halafu uongeze la kwako.

*

*Niaje. Mi huuza viatu Eastleigh na mara mbili kwa mwaka naenda Guangzhou kuchukua mzigo. Daktari alinitoa kwa nyama na maziwa na nikaamua nimalizie na mayai kabisa, sasa safari ya mwisho nilikula ndizi na biskuti siku nane nikarudi nimekonda bibi akadhani nimeibiwa. Nikisema sitaki nyama wanasema sawa halafu naletewa mboga imenyunyiziwa vipande vya nguruwe. Nifanye nini? – Kaka wa viatu, Eastleigh*

Kaka, pole, lakini hiyo ya nguruwe imenichekesha kwa sababu najua vile inatokea. Kwa mpishi wa kule, ukisema hutaki nyama anaelewa hutaki sahani ya nyama, ile mboga yeye anaihesabu ni mboga, vile vipande ni kiungo tu, kama vile hapa kwetu mtu anakuapia supu ni ya mboga na ameweka kile kidude cha ladha ya ng'ombe. Hakudanganyi.

Neno lako ni "su". Liandike hivi kwa simu, 素, na ukilitamka lishushe kwa nguvu kama unamkatiza mtu. "Wo chi su" ni kusema mimi ninakula su, yaani chakula cha Wabuda wasiokula kitu chenye uhai. Ukisema hivyo mpishi anakuweka kwa kundi analolijua, hakuoni tena kama mzungu wa mambo mengi. Halafu malizia na "bu yao dan, bu yao nai", sitaki mayai, sitaki maziwa.

Guangdong kuna mtego mwingine hata mimi niliingia. Mboga za majani za kule ni nzuri, zinachovywa kwa maji moto kidogo tu bado zinalia kwa meno, lakini juu wanamwagia sosi nyeusi tamu tamu, hiyo ni sosi ya chaza, inaitwa haoyou. "Bu yao haoyou." Mafuta ya nguruwe pia hutumika kukaangia, na tofu usiione tu nyeupe ukafurahi, ile mapo tofu ya pilipili kawaida huja na nyama ya kusaga.

Ukitaka kula bila kuuliza maswali, tafuta mkahawa wa su wenyewe, utaipata hasa karibu na mahekalu ya Kibuda, na mingine ni bufe unajipimia. Tarehe mosi na kumi na tano za kalenda yao ya mwezi watu wengi wa dini hula su, siku hizo hiyo mikahawa inafurika, uende mapema. Utaona wameandika bata, wameandika samaki, usiogope, ni soya na ngano imefinyangwa ikafanana. Kile kitakushinda ni kitu kingine, mahali ambapo wanafuata dini kabisa hawaweki kitunguu wala saumu, chakula kinakuwa kama kimesahau kitu. Mi hubeba pilipili yangu ya unga kwa mfuko wa koti.

Zile hoteli za tambi za Waislamu pale Xiaobei ambazo Wakenya wengi hukimbilia, nguruwe hakuna, lakini supu yao ni ya mifupa ya ng'ombe, kwako haisaidii. Na usitegemee Google ukishafika, huko imefungwa, weka tafsiri ya Kichina kwa simu ukiwa bado Nairobi, na hayo maneno niliyokuandikia yapige skrini shoti kabisa.

*

*Dada, kwa ndege niliitisha chakula cha mboga nikaletewa pasta ya jibini na yogati. Mhudumu akaniambia "lakini madam haina nyama". Nililia kimoyomoyo saa nane. – Msafiri, South B*

Wa South B, shida ni herufi nne. Mashirika ya ndege yana misimbo ya herufi ya chakula na mtu akikubukia akiandika tu "mboga" unaweza kupewa VLML, ambayo ina maziwa na mayai. Kuna AVML, ya Kihindi, haina nyama lakini maziwa na samli ruhusa. Yako ni VGML. Hakikisha hizo herufi zimeandikwa kwa buking yako, sio uambiwe kwa simu "tumeweka".

Mengi yanataka uitishe saa 24 kabla, mengine 48, kwa hivyo mi huweka siku ile ile nanunua tiketi. Na uangalie kila ndege peke yake, kwenda na kurudi, na kama unaunganisha na shirika lingine uwaulize hao wa pili pia. Ndege yako ikibadilishwa saa, oda ya chakula inaweza kupotea njiani bila mtu kukwambia. Hiyo ilinipata nikitoka Ulaya, waliahirisha safari kwa siku moja, chakula changu nafikiri kiliruka jana yake bila mimi, nikapewa bakuli la tikiti maji na jani moja la mnanaa. Saa nane na nusu hewani.

Tangu siku hiyo sipandi bila akiba. Chapati mbili nimekunja na ndengu kavu, iliyokaukiana, isiwe ya mchuzi, viazi vitamu vya kuchemsha, njugu. Pinati bata usibebe kwa mkoba wa mkononi, kwa sekyuriti ya viwanja vingi inahesabiwa kama kimiminika na ikizidi mililita 100 inaenda pipa la taka, nimepoteza chupa mzima hivyo, mpya, na yule kijana wa mashine alivyoiangalia nina hakika haikufika pipani.

*

*Mwandishi, mimi ni mama wa watoto wanne na huyu wangu wa mwisho anaenda Ujerumani kusomea unesi. Hali nyama, hali mayai, hata chai anakunywa ya rangi. Nataka nimfungie sukuma, maharagwe na unga. Pia nauliza, damu atapata wapi? – Mama Kitindamimba, Kahawa West*

Mama, asante kwa kuandika, na hongera, kumpeleka mtoto nje sio mchezo. Nianze na sanduku. Sukuma mbichi usimfungie. Tangu Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi ya msafiri, na wameacha matunda matano tu yapite bila cheti: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa hivyo mama, ni hayo tu. Embe hapana, avokado hapana, watamnyang'anya hapo hapo na ni aibu bure kwa mtoto siku ya kwanza.

Unga asibebe kilo nyingi. Miji mingi ya huko ina maduka ya Waafrika na unga mweupe wa mahindi uko, ghali kidogo lakini uko. Na sukuma pia iko mama! Inaitwa Grünkohl, majani yamejikunja kunja, inajaa sokoni wakati wa baridi. Shida ni vile wanaipika, kule kaskazini, Bremen na Oldenburg, wanaichemsha kwa saa nyingi na mafuta ya nguruwe na soseji hadi inakuwa kama dawa. Ainunue mbichi aikatekate mwenyewe na kitunguu na nyanya dakika tano, vile ulimfunza.

Ujerumani sasa ni mahali ambapo hilo neno vegani linaeleweka kabisa, tena supamaketi za bei ya chini zina maziwa ya oti na ya soya rafu nzima. Kazi yake ni kusoma pakiti. Sheria ya Ulaya inataka vitu 14 vinavyoleta aleji vionekane wazi kwenye orodha ya viungo, mara nyingi ni herufi nzito, na maziwa, mayai, samaki na vitu vya baharini vimo. Kwa hivyo atupie jicho herufi nzito kwanza, Milch (maziwa), Ei (yai), Butter (siagi), Sahne (krimu), Molke (maji ya maziwa). Lakini nyama yenyewe na asali hazimo kwa hizo 14, hizo lazima azitafute kwa macho yake, Speck na Schmalz kawaida ni za nguruwe, Gelatine inatoka kwa ngozi na mifupa na ndio imejaa kwa peremende laini laini, Honig ni asali. Na kuna zile za kutisha bure. Milchsäure sio maziwa, ni asidi tu na mara nyingi inatengenezwa kwa sukari ya mimea. Kakaobutter ni mafuta ya kakao. Na wakiandika "kann Spuren von Milch enthalten" ni kwamba mashine inatumika pia kwa maziwa, sio kwamba yamewekwa. Binamu yangu alikula mkate mkavu wiki nzima akiogopa Milchsäure.

Sasa damu. Madini ya chuma anayapata kwa maharagwe, dengu na mboga za majani, ila akamulie ndimu ama ale chungwa pamoja, na hiyo chai ya rangi asinywe na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini, angoje lisaa hivi. Kile ambacho hakipati kwa mimea ni vitamini B12, hapo hakuna ujanja, sio uyoga sio mwani. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku na vidonge viko kemisti yoyote hapa na kule. Abebe kwa mkoba wa mkononi na pakiti yake. Hilo mama mshikie hadi aapie.

*

*Dada nisaidie haraka, mume wangu ni Mnyankole na Disemba naenda Mbarara kwao mara ya kwanza. Nimeambiwa mgeni anapokelewa na maziwa na kukataa ni kama kutukana ng'ombe wa baba mkwe. Mume ananiambia "kunywa tu mara moja utakufa?" – Bibi harusi mpya, Rongai*

Wa Rongai, hili nimelifikiria kuliko yote. China ukikosea unalala njaa, hapa ukikosea unasemwa miaka ishirini.

Kwanza, huyo mume ndio mwenye kazi. Sio wewe ukifika sebuleni na kikombe kimeshaletwa, ni yeye, wiki mbili kabla, apigie shangazi yake simu, na amwambie kwa lugha yao, sio kwa Kiingereza, kwamba mke wangu hali vitu fulani, si dharau, ndivyo anavyoishi. Shangazi akilibeba linafika kwa baba mkwe likiwa limeshalainishwa. Wewe ukilisema mwenyewe siku ile, hata ukipiga magoti, litasikika kama majivuno ya Nairobi.

Wengine watakushauri udanganye ati una aleji. Mimi sipendi, kwa sababu utarudi huko Pasaka na matangani na harusi za mashemeji na siku moja watakuona unakula keki. Lakini kusema "nilifunga kula hivyo" sio uongo, na wazee wanaheshimu mtu aliyefunga.

Kikombe kikiletwa hata hivyo, kipokee na mikono miwili, shukuru, mpe mumeo. Anywe yeye si amesema hafi.

Chakula chenyewe hutakosa. Kalo ya wimbi, matoke, maharagwe, na binyebwa, mchuzi wa njugu karanga ambao ukiupata mzito juu ya matoke utasahau hii hofu yote. Uliza tu kwa upole kama umewekwa samaki wa moshi, kuna wanaopenda kuweka. Jihadhari na eshabwe, itakuja nyeupe laini kwa bakuli kadogo, heshima kubwa, utadhani ni mchuzi wa nazi, ni samli. Maharagwe pia huongezwa samli kwa mgeni kama kumkirimu, kwa hivyo ingia jikoni mapema na wamama, umenye matoke nao, ujipakulie kabla ya samli. Mkwe anayeonekana jikoni anasamehewa mengi.

Njiani basi likisimama usinunue rolex, ile chapati yao ya kukunja, ina mayai. Itisha kikomando, chapati imekatwakatwa na maharagwe. Kwa sisi wa maharagwe chapo hiyo ni nyumbani.

*

*Naenda Dubai siku nne, bajeti ni ya mkono mmoja. Nitakula nini na naweza kupikia kwa birika ya hoteli? – Kijana, Pipeline*

Kijana, Dubai usiniumize kichwa. Asubuhi ful, ni maharagwe makubwa yamepondwa na ndimu na mafuta ya zeituni, mchana falafel na hummus, jioni ingia Karama ama Bur Dubai kwa Wahindi ule wali na dengu. Kwa Wahindi kumbuka "mboga" yao maziwa yamo, paneer ni jibini na dal inakaangwa na samli. Kiarabu chako kiko nusu tayari, samli ni "samn", bila ni "bidun", maziwa ni "halib". Bidun samn, bidun halib, na utabasamu.

Adapta usinunue, soketi zao ni za pini tatu kama zetu.

Birika ya stima chemsha maji tu. Kuskus unaimwagia maji moto kwa bakuli unafunika dakika tano imeiva, oti hivyo hivyo, tambi za haraka pia sawa ila kale kapakiti ka unga usome kwanza, hata ya ladha ya mboga huwa na maziwa. Na dengu usiipikie ndani ya birika tafadhali. Nilishalala chumba ambacho aliyenitangulia alifanya hivyo, chai yangu ya asubuhi ilitoka ya manjano na inanukia binzari.